Naombeni ushauri: farasi wangu anavunja uzio usiku, niongeze seng'enge au nizungushie minyaa?

Mtu wa Zinga (Jumatano, saa 2:40 usiku)

Wakuu, heshima kwenu. Nina farasi jike wa miaka 14, nipo Zinga huku Bagamoyo. Nilimnunua miezi mitatu iliyopita. Eneo lake ni kama nusu eka, nimesimamisha nguzo za mikaratusi na kuvuta seng'enge mistari minne. Shida ni kwamba usiku anatoka. Wiki iliyopita katoka mara mbili. Mara ya pili alikutwa karibu kabisa na lami, na malori ya mchanga ya huku mnayajua. Tangu siku ile silali. Nikisikia breki tu nimeshatoka nje na tochi.

Swali langu ni moja: niongeze seng'enge iwe mistari saba, au nizungushie minyaa kwa nje? Mbao siwezi, hela ni ndogo. Naomba tujibu suala la uzio tu wakuu.

Kisiki cha Mninga (saa 2:51 usiku)

Ngoja wajuzi waje. Mimi farasi nimemwona kwenye gwaride tu, kile Kikosi cha Mbwa na Farasi cha polisi. Alinitazama mpaka nikahisi nimevunja sheria.

Baba Kuku (saa 2:58 usiku)

Minyaa, mkuu, usihangaike. Mimi hapa Chalinze nina mbuzi 40 na sijawahi kununua hata mita moja ya seng'enge. Nilikata vijiti kwa jirani mwaka 2011, nikachomeka mvua za vuli, leo ni ukuta hata nyoka anaomba njia. Ila ukitaka kuelewa habari ya uzio lazima uelewe mbuzi. Nilikuwa na beberu mmoja yule, alikuwa anapanda juu ya mgongo wa punda ndipo aruke. Tulimfunga mti shingoni kama nira, akajifunza kupita nao kwa ubavu. Mwishowe tulimla Idd, na hata kwenye sufuria alikuwa mgumu.

Daktari wa Malisho (saa 3:15 usiku)

Mleta mada, mimi ni daktari wa mifugo, nimesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro. Nina miaka kadhaa kazini, zaidi ya ng'ombe, ila farasi wachache nimewahudumia.

Usiongeze seng'enge. Ondoa hata hiyo iliyopo. Ng'ombe akichomwa na mwiba wa waya hurudi nyuma. Farasi si hivyo, yeye akishtuka hukimbia kwanza, kufikiri baadaye, na akinaswa mguu huvuta mpaka nyama iachane na mfupa. Ngozi ya chini ya goti haina nyama ya kukinga, ni ngozi, kano na mfupa basi. Na usiku waya ule mwembamba haonekani.

Minyaa nayo hapana. Ule utomvu mweupe ukimwingia machoni unaunguza, na farasi hupenda kujikuna kwenye chochote kilichosimama. Michongoma vivyo hivyo, miiba na macho havikai pamoja.

Sasa nijibu na mimi. Farasi huyu yuko peke yake? Anakula nini? Na alipotoka mara mbili kupitia seng'enge, alitokaje bila kuumia?

Mtu wa Zinga (saa 3:31 usiku)

Asante daktari. Lakini huku kijijini wote tunatumia seng'enge na hatujasikia ng'ombe kakatika mguu. Nimeshalipia roli mbili mpya dukani, haziwezi kurudishwa.

Ndiyo, yuko peke yake. Anakula vizuri, pumba za mahindi ndoo mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na majani ninayokata. Kuumia, alichubuka kidogo kifuani na mguu wa mbele. Nimempaka GV, panakauka.

Bibi Mkoko (saa 3:40 usiku)

Mwanangu, mnyama ni amana. Yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume aliingia motoni kwa ajili ya paka tu, alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie. Paka! Wewe umefungia mnyama mwenye uzito wa watu sita. Kaa ufikiri.

Mfanyakazi wa Barka (saa 3:52 usiku)

Nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya neno "peke yake". Nilifanya kazi Oman miaka sita, kwenye mazizi ya farasi pale Barka. Nilikwenda kama dereva, nikaishia zizini. Farasi ni mnyama wa kundi. Akiwa peke yake hana wa kumlindia usingizi. Anaweza kusinzia amesimama, lakini usingizi wa kweli lazima alale chini, na halali chini kama hakuna mwenzake aliyesimama macho. Huyo wako hatoroki malisho, kaka. Anatafuta mwenzake.

Kule tulikuwa na jike mmoja mweusi, mkali, hakuna aliyemsogelea. Walimwekea mbuzi. Mbuzi wa kawaida kabisa, mwenye pembe moja. Ndani ya wiki mbili mbuzi akitolewa kwenda kunywa maji yule jike analia mpaka zizi zima linaitika. Bosi wetu alikuwa na tabia moja, kila asubuhi kabla ya kahawa anapita kwa kila farasi, anainama, anapitisha kiganja miguu yote minne kutoka goti mpaka kwato. Farasi 22. Hasemi na mtu. Akisimama kwa mmoja zaidi ya kawaida, wote tunajua leo kuna kazi.

Kabla ya kuja kwako alikuwa na mwenzake?

Mtu wa Zinga (saa 4:05 usiku)

Alikuwa naye, dume maksai mzee. Yule alichukuliwa na watu wengine siku ileile nilipopewa huyu.

Daktari wa Malisho (saa 4:11 usiku)

Haya, twende taratibu. Pumba ndoo mbili ni nyingi mno. Farasi ni mnyama wa majani, tumbo lake ni dogo, limeumbwa kupokea kidogokidogo mchana na usiku. Majani makavu ndiyo chakula, karibu kilo 2 kwa kila kilo 100 za uzito wake kwa siku. Wanga mwingi kwa mpigo unachachuka kwenye utumbo mpana na sumu yake inashukia kwenye kwato. Tena farasi hawezi kutapika, kilichoingia kimeingia.

Kupe unawatoa kwa dawa gani? Kama ni ya josho la ng'ombe soma kibandiko, ikiandikwa amitrazi usimguse nayo, inasimamisha utumbo wake. Na hiyo "kuchubuka kidogo", ni lini, kirefu kiasi gani? Amechomwa sindano ya pepopunda? Angalia jina lenyewe la ugonjwa. Farasi na punda ndio wanaokufa nao upesi, na vijidudu vyake vinakaa kwenye udongo na mavi anayoyakanyaga kila siku.

Mpenda Ndorobo (saa 4:20 usiku)

Hakuna aliyegusa jambo kubwa. Bagamoyo kwa juu huko kuelekea Saadani kuna ndorobo, wale mbung'o wanaoambukiza mifugo! Farasi na ndorobo hawakai nchi moja. Ndiyo maana misafara ya zamani kutoka pwani kwenda bara ilibebwa na vichwa vya watu na punda wachache. Unguja ndorobo walimalizwa mwaka 1997 kwa kumwaga madume waliohasiwa kwa mionzi kutoka kwenye ndege, majike wakataga patupu. Mpeleke Unguja.

Na tena kuna visubi, vile vidudu vya jioni. Vinaambukiza tauni ya farasi. Macho yanavimba juu, povu linatoka puani, anaweza kufa kwa siku chache. Anatakiwa awe bandani kabla jua halijazama, na wavu dirishani. Wewe unaulizia waya.

Mtu wa Zinga (saa 4:33 usiku)

Jamani, nimeuliza uzio.

Daktari, ni siku sita. Kifuani ni mchubuko. Mguuni ni mkato wa kama kidole, juu ya kwato. Sindano hajachomwa. Ila mimi naona anaendelea vizuri, leo nimemwongezea chakula cha kuku wa nyama kikombe kimoja kwenye pumba ili anawiri kidogo kabla ya Jumamosi.

Daktari wa Malisho (saa 4:35 usiku)

Usimpe tena chakula cha kuku. Hata punje. Vyakula vingi vya kuku wa nyama huwekwa dawa ya kuzuia kuhara damu, nyingine ni monensini, na hiyo kwa farasi inaua moyo. Kiasi ambacho kuku anakua nacho, farasi anaanguka nacho. Kaangalie mfuko sasa hivi uniandikie kilichoandikwa.

Bibi Mkoko (saa 4:38 usiku)

Jumamosi kuna nini mwanangu?

Mfanyakazi wa Barka (saa 4:39 usiku)

Na mimi nauliza hilohilo. Jumamosi kuna nini?

Mtu wa Zinga (saa 5:02 usiku)

Mfuko hauna maandishi ya dawa, ni chakula cha kuchanganya mashineni.

Wakuu, sikutaka kuingiza hili kwa sababu nilijua mtanishambulia. Jumamosi kuna harusi Tegeta. Bwana harusi anataka kuingia ukumbini akiwa juu ya farasi. Ni mita mia mbili tu, kutoka getini mpaka mlangoni. Tumekubaliana laki saba, nimeshapokea laki nne. Hizo ndizo nilizonunulia seng'enge na pumba. Siwezi kuzirudisha, hazipo. Na mnyama hachoki kwa mita mia mbili, hata ningembeba mimi mgongoni asingechoka.

Mnaniona mbaya, lakini nina watoto watatu. Huyu farasi ndiye mafao yangu. Nilifanya kazi kwa familia moja ya wageni miaka minne, mlinzi na mtunza wanyama. Walipoondoka walikuwa wananidai siku, samahani, mimi nawadai mishahara mitatu. Wakaniambia chukua huyu. Ningefanyaje?

Jicho Kavu (saa 5:10 usiku)

Nimesoma kuanzia juu. Hii ni chai.

Ukurasa wa kwanza "nilimnunua". Baadaye "nilipewa". Sasa ni "mafao". Farasi Tanzania hii wako polisi na kule Usa River na West Kilimanjaro kwa wenye mashamba, huyu wa Zinga katoka wapi na kafikaje bila kibali cha kusafirisha mifugo? Umejiunga humu Jumatatu. Hakuna picha. Halafu kila daktari akitaja ugonjwa, farasi wako anaupata. Kesho atasema ana mimba. Mnamchangia mtu ambaye hata punda hana, mwisho ataweka namba ya simu.

Kisiki cha Mninga (saa 5:14 usiku)

Kweli hapo kwenye kununua na kupewa mkuu umejichanganya. Weka picha tujue moja.

Baba Kuku (saa 5:19 usiku)

Mimi nilishastuka mapema, nikanyamaza tu. Mwenye farasi wa kweli haulizi minyaa.

Bibi Mkoko (saa 5:22 usiku)

Wewe ndiye uliyemwambia minyaa.

Mfanyakazi wa Barka (saa 5:30 usiku)

Jicho Kavu, una haki ya kuuliza. Mtu anayeona aibu kusema mwajiri alimlipa mnyama badala ya mshahara, anaweza kusema alinunua. Ningesema hivyo hata mimi.

Lakini kuna namna ya kujua, na haihitaji picha. Mtu wa Zinga, chukua tochi na simu. Pitisha vidole chini ya taya lake upande wa kushoto, kuna mshipa kama kamba ya kiatu unateleza juu ya mfupa. Hesabu dakika nzima. Kisha inama, weka kiganja kwenye kwato za mbele, uniambie joto. Halafu bana vidole viwili nyuma, juu kidogo ya kisigino, pande zote mbili. Usiniambie unachodhani nataka kusikia. Andika ulichokipata.

Jicho Kavu (saa 5:33 usiku)

Ataandika chochote.

Mfanyakazi wa Barka (saa 5:34 usiku)

Ataandika, nami nitajua.

Kisiki cha Mninga (saa 6:20 usiku)

Kimya. Dakika hamsini.

Jicho Kavu (saa 6:24 usiku)

Nilijua tangu mwanzo.

Mtu wa Zinga (saa 6:41 usiku)

Nimerudi. Samahani, hakutaka nimshike, ilibidi mwanangu mkubwa ashike taa na kumwimbia.

Mshipa wa taya nilihangaika kuupata. Mara ya kwanza nimehesabu 62, nikadhani nimekosea. Ya pili 66. Ya tatu 64, hapo mwanangu ndiye alikuwa ananiangalizia saa.

Kwato za mbele ni za moto. Za nyuma ni baridi, zina umande. Mwanangu ameshika naye akasema baba hizi kama bilauri ya chai. Kule nyuma juu ya kisigino, mguu wa kulia, panagonga vidole kama mtu anabisha hodi. Wa kushoto panagonga kidogo.

Na jambo jingine nilikuwa naliona siku tatu hizi nikajifanya silioni. Anasimama miguu ya mbele ameitanguliza, uzito wote anaurudisha nyuma, kama mtu anayezuia mkokoteni kwenye mteremko. Nikimwita asogee anatembea kama mtu wa mjini aliyevuliwa viatu kwenye kokoto. Nilijua. Nilisema moyoni Jumamosi ipite kwanza.

Mfanyakazi wa Barka (saa 6:46 usiku)

Huyu ana farasi.

Jicho Kavu, nikueleze kwa nini. Kwenye mbio ndefu za jangwani, farasi anamaliza mzunguko wa kilomita 30, 40, anamwagiwa maji, anapewa dakika zake, kisha madaktari wanapima moyo. Miaka niliyokuwa kule mpaka ulikuwa 64. Akizidi hapo, ametolewa, hata kama bwana wake ni nani. Farasi aliyepumzika yuko kati ya 28 na 44. Huyu wa Zinga amesimama usiku bandani, hajakimbia, na moyo unakwenda 64. Hayo ni maumivu. Na mtu anayetunga angeandika kwato zote nne za moto. Hajui kwamba ugonjwa huu hupenda za mbele.

Daktari wa Malisho (saa 6:55 usiku)

Nakubaliana. Hii ni kuvimba ndani ya kwato, laminaitisi. Ule utando unaoshika mfupa kwenye ukuta wa kwato unaachia. Ukiachia kabisa, mfupa unazama ndani ya kwato, na hapo hakuna farasi tena. Tukiwahi, wengi hupona.

Usiku huu: pumba zote toa bandani, abaki na majani makavu na maji. Usimtembeze hata hatua. Asimame kwenye kitu laini, mchanga safi mkavu, kina cha shubiri moja na zaidi, pale anaposimama na anapolala. Tafuta barafu, kwato za mbele zikae kwenye maji ya barafu mfululizo, siku mbili au tatu. Maji ya kunywa yapime, nataka kujua ndoo ngapi, farasi mzima hunywa lita 25 na kwenda juu, na joto hili la pwani zaidi. Dawa ya maumivu usinunue mwenyewe. Nitafika kesho saa 3 asubuhi nikiwa na sindano ya pepopunda, siku sita bado hatujachelewa. Nitumie mahali ulipo kwa ujumbe wa siri, usiandike hapa.

Harusi futa. Sisemi tena. Kumfanyisha kazi mnyama mgonjwa ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na hata bila sheria, farasi mwenye maumivu haya akisikia tarumbeta na watu mia tatu wanapiga vigelegele, atamwangusha bwana harusi kwenye zege mbele ya mama yake.

Mtu wa Zinga (saa 7:08 usiku)

Daktari, asante. Ila laki nne... Labda angesimama tu getini wapige naye picha? Bila kupandwa?

Bibi Mkoko (saa 7:10 usiku)

Mwanangu.

Mfanyakazi wa Barka (saa 7:12 usiku)

Apande Fuso kwa kwato hizo? Kutoka Zinga mpaka Tegeta akijizuia kila breki? Kaka, unajua jibu.

Mtu wa Zinga (Alhamisi, saa 11:50 alfajiri)

Barafu nimepata kwa wauza samaki Bagamoyo mjini, nilifika kabla hawajafungua masanduku. Mabonge manne. Nimekata madumu mawili ya lita 20, anasimama ndani yake. Mwanzo alitoa miguu, sasa amekubali, ameshusha kichwa.

Mchanga jirani amenipa, alikuwa na tripu moja ya kujengea. Seng'enge upande wa banda nimeikata yote. Kwenye waya mmoja kulikuwa na manyoya yake na kipande cha ngozi kimekauka, ukubwa wa kucha. Nimekaa nacho mkononi muda mrefu.

Nimempigia bwana harusi. Alinitukana, kisha akauliza farasi ana nini. Anataka laki nne zake kwa awamu mbili, mwisho wa mwezi huu na ujao. Zile roli mbili mpya za seng'enge mwenye duka amekubali kunibadilishia waya laini usio na miba na misumari, ila naongeza elfu sitini.

Daktari wa Malisho (saa 12:15 asubuhi)

Vizuri. Waya laini peke yake hauonekani. Mstari wa juu weka mbao au hata mianzi minene, kama mita 1.3 kutoka chini, aione anapokuja mbio. Kwa sasa fungia vitambaa vyeupe kila hatua mbili. Pembe usizifanye kali, zizungushe, farasi hujibana pembeni akikosa njia. Uzio si wa leo hata hivyo, huyu hatoki bandani wiki kadhaa. Kwato zilikatwa lini mara ya mwisho?

Mtu wa Zinga (saa 12:19 asubuhi)

Kule kwa wale wageni alikuwa anakuja mtu kila baada ya wiki sita au saba. Tangu aje kwangu bado.

Jicho Kavu (saa 12:40 asubuhi)

Mimi bado nasubiri picha. Kibali cha kumsafirisha hujajibu.

Mtu wa Zinga (saa 12:44 asubuhi)

Hakuwahi kusafirishwa, ndugu. Wale watu walikuwa wanakaa hukuhuku Zinga. Nilimtembeza kwa mguu kutoka kwao mpaka kwangu, saa moja na robo. Picha inagoma kupanda, mtandao wa huku ni wa kuvizia.

Baba Kuku (saa 1:05 asubuhi)

Nina mbuzi jike mpole, tasa, nilitaka kumuuza mnadani. Hana pembe. Kama farasi anataka mwenzake wa kulala naye, nakuja Bagamoyo Jumapili kwa shughuli zangu, nampakia.

Mfanyakazi wa Barka (saa 1:07 asubuhi)

Mchukue, kaka. Siku za kwanza watenge kwa mbao moja katikati, waonane tu.

Daktari wa Malisho (saa 1:30 asubuhi)

Niko Mapinga, nakuja. Tangu saa nane usiku amekunywa kiasi gani?

Mtu wa Zinga (saa 1:33 asubuhi)

Ndoo moja na nusu. Nyingine nimemsogezea hapohapo miguuni, asiinue kwato.